Mvua Juu ya Theluji: Jinsi Poromoko la Wellington Lilivyojengeka

Theluji iliyolala mlimani huwa na matabaka. Kila dhoruba huongeza lake, na kila tabaka hushikana na lililo chini yake kwa nguvu tofauti: pengine hugandamana likawa kama jiwe, pengine hubaki chembe legelege zinazoteleza kama mchele mkavu. Poromoko kubwa hutokea pale bamba zito linapolala juu ya tabaka dhaifu, hasa kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Hapo husubiriwa kichocheo tu, na katika milima ya Cascade, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kichocheo hicho mara nyingi ni mvua.

Milima hiyo hupokea dhoruba kutoka Bahari ya Pasifiki, na hata katikati ya majira ya baridi halijoto yake hucheza karibu na nyuzi sifuri. Dhoruba ya hatari zaidi huanza kwa baridi na kumalizika kwa joto. Mwanzoni huanguka theluji nyepesi. Hewa ikipata joto, hufuata theluji nzito yenye maji, kisha mvua. Mzigo mzito hukaa juu ya msingi mwepesi.

Ndivyo ilivyokuwa Wellington, kituo kidogo cha reli katika jimbo la Washington, mwishoni mwa Februari 1910. Theluji ilianguka kwa siku tisa. Treni mbili za kampuni ya Great Northern, moja ya abiria na nyingine ya barua, zilikwama hapo kwa siku kadhaa kwa sababu njia ilikuwa imezibwa. Zilisimama kwenye reli iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Juu yake palikuwa na mteremko ambao msitu wake ulikuwa umeungua, hivyo miti ya kuizuia theluji haikuwepo. Tarehe 28 Februari theluji iligeuka mvua, ikifuatana na upepo wa joto, radi na ngurumo. Tarehe 1 Machi, kabla ya saa nane usiku, bamba lenye unene wa takriban mita 3 lilikatika na kuyatupa mabehewa bondeni kwenye Mto Tye. Watu 96 walikufa. Hakuna poromoko la theluji lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani.

Mvua hufanya kazi tatu. Huongeza uzito papo hapo. Huipasha joto theluji ya juu, ikalainika na kuanza kujivuta polepole kuteremka. Kisha maji hupenya chini na kuyeyusha viungo vya barafu vinavyoshikanisha chembe. Vipimo vilivyofanywa katika Cascade vimeonyesha kwamba maporomoko mengi hutokea muda mfupi baada ya mvua kuanza, kabla maji hayajafika kwenye tabaka linaloteleza. Kwa hiyo saa ya mabadiliko yenyewe ni saa ya hatari. Anayesubiri kuona theluji imelowa mpaka chini huwa amechelewa. Mvua ikiendelea, maji hujitengenezea mifereji ya kutokea, na baridi ikirudi theluji yote hugandamana na kutulia.

Wanaopanda milima hiyo kwa skii leo husoma kwanza utabiri wa Northwest Avalanche Center, unaopima hatari kwa ngazi tano, kisha huikagua theluji wenyewe. Theluji inayofinyangika kiganjani kama donge la unga uliokandwa imeanza kulowa. Ikikamuliwa ikatoa maji, imelowa sana. Mabonge yanayobiringika yenyewe kutoka chini ya miti na nyufa zinazokimbia mbele ya skii ni amri ya kugeuza. Kupita chini ya mteremko mkali ni hatari vilevile, hata kama njia yenyewe ni tambarare.

Kampuni ya reli nayo mwishowe iliamua kuukwepa mteremko. Kwanza ilijenga mapaa ya kuikinga njia. Kisha mwaka 1929 ikafungua handaki jipya la kilomita 12.5, chini zaidi mlimani, na reli ya Wellington ikaachwa. Uzito wa theluji na joto la dhoruba havikuweza kuzuiwa. Kilichoweza kubadilishwa ni mahali treni zinapopita.