Ufundi wa Kumtuliza Pora

Kufuga kuku wa kienyeji husemwa kuwa kazi isiyo na kazi. Wafungulie alfajiri, wafungie magharibi, katikati watajitafutia wenyewe. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuwa na mapora watano katika uwanja mmoja. Kuku akiangua vifaranga kumi, karibu nusu yao huwa madume, na miezi ya mwanzo hakuna anayejali: wote humfuata mama yao, wote hukimbilia mbawani mwewe akipita. Ukifika mwezi wa nne hivi, vilemba vimeiva, sauti ya kwanza ya kuwika imetoka na mikwaruzo yake, na amani ya uwanja imekwisha. Mitetea wanakimbizwa hadi wanakosa muda wa kula. Mapora wanararuana. Na mmoja wao, kwa kawaida yule mzuri kuliko wote, anaamua kwamba mtoto wa miaka mitatu anayetoka jikoni na kipande cha muhogo ni jogoo mwenzake.

Mapora wa namna hiyo nimewaona Namakwekwe, mtaa wa Mbale nchini Uganda, chini ya mlima Wanale unaoutazama mji kwa juu kutoka mashariki. Mbale ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, lakini kuku hawakuarifiwa. Wanavuka barabara walivyovuka siku zote na bodaboda ndizo zinazowapisha. Nyumba zinakaribiana, nyua zilizozungushiwa ukuta si nyingi, na kuku wa nyumba nne au tano huchakura pamoja kwenye lundo moja la maganda ya matoke. Kwa hiyo pora mkorofi hapa si shida ya mwenyewe peke yake. Akimparua mtoto wa jirani, shauri litakuwa limefika mlangoni kabla ya adhuhuri.

Nimemtazama kwa miaka mingi Hajati mmoja wa mtaa huo akiwatawala majogoo wake, na bado naona raha kumtazama. Hapigi kelele, hakimbizani nao, hashiki fimbo. Mgeni akikaa barazani kwake saa nzima anaweza kuondoka akidhani mama huyu amejaliwa kuku wapole. Hana kuku wapole. Ana mkono.

Kazi yake huanza kabla hajatoka nje, na huanza na sikio. Baada ya swala ya alfajiri hukaa kimya kidogo akiwasikiliza kule bandani nani ametangulia kuwika. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba majogoo wanaoishi pamoja hawawiki ovyo: mwenye cheo cha juu huanza, na wengine humfuata kwa kadiri ya vyeo vyao. Habari ya vyeo yenyewe ilishaandikwa zamani na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, aliyewachunguza kuku tangu utotoni na mwaka 1922 akaeleza jinsi kila mmoja anavyojua amdonoe nani na amkimbie nani. Hajati hakupata habari zake kutoka Norway wala Japani. Anachojua ni kwamba pora akimtangulia jogoo mzee asubuhi, basi jana kulikuwa na jambo na leo kutakuwa na jambo kubwa zaidi. Siku hiyo hafungui mlango wa banda na kurudi kulala. Anafungua, anasimama.

Halafu jicho. Pora hashambulii bila kutangaza, ila anatangaza kwa lugha ambayo wengi wetu hatuitazami. Kwanza anakutazama ubavu, jicho moja. Kisha anateremsha bawa moja mpaka linagusa vumbi na kukuzunguka kwa hatua fupi za pembeni, mwendo uleule anaomchezea mtetea. Watu huuona wakacheka, wakasema anacheza. Hajati akiuona huacha alichokuwa akifanya, hata kama sufuria iko kwenye sigiri. Kwake hicho ndicho kipindi cha kutenda. Manyoya ya shingo yakishasimama na miguu ikishapaa, umechelewa. Hapo unajikinga tu.

Anachofanya ni kidogo mno, na udogo huo ndio unaonivutia. Harudi hatua nyuma. Anatembea polepole kuelekea pale pora aliposimama, kana kwamba njia yake inapita hapohapo, na pora analazimika kupisha. Akipisha, yamekwisha, mama anaendelea na safari yake. Asipopisha, anainama, anayakusanya mabawa yote mawili kwa viganja, anamnyanyua na kumweka kwapani, miguu ameibana kati ya vidole, kichwa kinatazama nyuma. Kisha anarudi kwenye shughuli zake naye. Nimemwona akichagua mawe kwenye mchele kwa mkono mmoja, akimpokea mgeni, akimtuma mjukuu dukani, pora yuko kwapani muda wote. Mwanzoni shingo yake ni ngumu na jicho halitulii. Baadaye shingo inalegea na jicho linaanza kufumba. Hamteremshi kabla ya hapo hata kidogo. Akimwacha angali anapapatika, pora amejifunza kwamba kupapatika kunamfungua.

Kijana mmoja wa jirani, aliyekuwa amekuja kuomba moto, alimuuliza kwa nini asimtandike teke moja tu yakaisha.

“Mwanangu, ukimpiga umemwambia wewe ni jogoo,” akamjibu. “Sasa atakuja kupigana na jogoo.”

Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya hayo. Teke humpa pora kile anachokitafuta, yaani mshindani. Kukimbia nako humpa ushindi, na ushindi ndio unaomlevya. Ndiyo sababu watoto huandamwa kuliko watu wazima: wafupi, wana mbio, na wengi wao ndio waliomchokoza kwa vijiti tangu akiwa kifaranga. Hajati ana sheria kali juu ya hilo, na bakora ambayo majogoo hawaijui, wajukuu wanaijua. Hapendi pia kifaranga dume alelewe ndani kwa kubembelezwa mkononi, akilishwa wali kwenye sahani ya mtoto. Watu hushangaa, wakidhani huyo ndiye atakayekuwa mpole. Kumbe aliyekua bila kuwaogopa watu, siku damu ikichemka, huwahesabu watu katika kundi lake la kupigana.

Lakini mwalimu mkubwa wa mapora si yeye, ni jogoo mzee. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapojiharibia. Sikukuu ikifika, humchinja mzee kwa sababu ana nyama nyingi, wakabaki na madume vijana wanne wasio na wa kuwaonya. Jogoo mzee hafundishi kwa vita kubwa. Pora akimkaribia mtetea, anapewa mdono mmoja kisogoni, anaondoka. Akiona chakula, mzee hali. Anaita kwa ile sauti ya kokoko ya haraka, anaokota punje na kuiangusha, mpaka mitetea wafike. Mwewe akitokea angani hutoa sauti moja, na nguchiro akitokea kwenye nyasi hutoa nyingine, tofauti kabisa. Watafiti wamezirekodi sauti hizo na kuona kwamba kuku huzielewa hata wasipomwona adui. Pora aliyekulia chini ya jogoo wa namna hiyo huanza kwa kuiga. Mwanzoni anaita mitetea kwenye kijiti kikavu ambacho si chakula, wanakuja, wanaona wamedanganywa, wanaondoka. Baada ya muda hujifunza kuita palipo na kitu. Hajati humweka jogoo wake mzee hadi rika moja la mapora lipite mikononi mwake, hata kama vipi vya miguuni mwake vimerefuka na mwendo umekuwa wa kuchechemea.

Vipi hivyo navyo vina utaratibu wake. Kipi si ukucha mtupu. Ndani yake kuna mfupa ulio hai na damu. Hajati huvipunguza ncha tu, usiku, kwa tupa ya kunolea visu. Kazi zote za kumshika kuku huzifanya usiku, kwa kuwa kuku gizani haoni vizuri na hutolewa pale anapolala bila vurugu. Mchana ungekimbizana naye mtaa mzima, na mtaa mzima ungecheka.

Uwanja wenyewe umepangwa, ingawa hauonekani kupangwa. Rundo la matofali ya kujengea limekaa pale miaka yote na nilidhani ujenzi umekwama. Migomba miwili, pipa lililokatwa, tenga bovu lililolazwa ubavu. Vyote hivyo ni pa kupotelea. Mtetea anayekimbizwa akipita nyuma ya matofali, pora anampoteza machoni, na hasira ya pora haidumu pasipo kuona. Chenga za mahindi hazimwagwi mahali pamoja. Zinarushwa kwenye pembe tatu au nne, ili asiwepo mmoja wa kulinda chungu chote. Hajati akipata mchwa kutoka kichuguu, huwapa vifaranga wakiwa wametengwa.

Kuna msemo kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Hajati huufuata: jogoo aliyetoka kwingine hufungwa siku mbili tatu kivulini, kwa kitambaa laini na si kwa katani inayokata ngozi, na kopo la maji karibu. Ila pora wa nyumbani aliyechemka hamfungi. Aliyefungwa huchokozwa na kila apitaye, akifunguliwa ana deni la kulipa. Huyo humfunika kwa tenga katikati ya uwanja, awaone wenzake wakila na jogoo mzee akiwaita mitetea mbele ya macho yake. Jioni humfungulia pamoja na wengine wakielekea kulala, saa ambayo hakuna mwenye hamu ya vita.

Pamoja na ufundi wote huu, asidanganywe mtu kwamba kila pora hutulizika. Ukali hurithiwa. Watu wa pwani wanaowafuga kuchi wanalijua hilo vizuri, kwa kuwa kuchi walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kupigana. Wale chotara wa Kuroiler walioenea Uganda kuanzia mwaka 2010 hivi wana shida nyingine, ya uzito: jogoo wao akimpanda mtetea wa kienyeji, mgongo unanyonyoka manyoya na kubaki ngozi. Kwa kuku kumi hivi jogoo mmoja anatosha. Hajati huweka wa pili wa akiba, kwani kideri kikipita kinaweza kumchukua yule wa kwanza pamoja na nusu ya banda. Wa tatu ni anasa, na wa nne ni ugomvi.

Kwa hiyo waliozidi lazima waondoke, na kuwaondoa nako ni hesabu. Mbale ina masoko yake ya jogoo. Krismasi ni ya kila mtu. Idd ina yake. Mwaka wa namba shufwa, Agosti inapofunguliwa imbalu pale Mutoto na Wagisu kuanza kuwatahiri vijana wao, wageni hujaa majumbani na kuku huadimika. Waganda wa Buganda nao, ambao wako wengi mjini tangu enzi za chifu wao Semei Kakungulu, hawafungi ndoa ya kimila bila jogoo wa kukabidhiwa kaka wa bibi harusi. Hajati huwapangia mapora wake tangu wakiwa na miezi miwili: huyu wa sikukuu, huyu wa harusi, huyu wa mgeni yeyote atakayetokea ghafla. Waislamu wamefundishwa wasimtukane jogoo kwa kuwa huamsha watu kwa swala, naye hawatukani. Huwachinja tu, kwa adabu zote.

Anayebaki kuwa mbegu huchaguliwa kwa kigezo kimoja ambacho vijana wanaotaka jogoo wa kupiga picha hawakipendi. Hatazami rangi wala urefu wa mkia. Hutazama nani anaachia punje ili mtetea ale, na nani hupisha njia mtu anapopita. Nimemwona akimtoa pora mwekundu wa kuvutia, mwenye mkia wa kijani unaometa, akabaki na mmoja wa madoadoa asiye na sura. Bei aliyopewa kwa yule mwekundu ilikuwa nzuri, na mnunuzi alimtaka kwa ajili ya kuzalisha. Alikataa kumuuzia. Akamuuza wiki hiyohiyo kwa mwenye kibanda cha chakula, kwa pesa pungufu, kwa sababu pora huyo alikuwa amemrukia mtoto mara mbili.

Nawe msomaji mwenye kuku nyumbani, ukiwa na jogoo aliyeshikwa kwapani siku kadhaa, akatengwa, akafundishwa na mzee wake, na bado anawarukia watoto usoni, usimpeleke kwa jamaa yako shamba ukimsifia ni mbegu nzuri. Mchinje.