Mchicha wa kilimo hai wa Bengaluru: fungu moja, kutwa nzima

Jamani, nimeuonja, na siwezi kungoja hadi mwisho wa makala ndipo niseme: nunueni! Nazungumzia mchicha mwekundu wa kilimo hai unaouzwa hapa Bengaluru, kusini mwa India. Wenyeji wa jimbo hili la Karnataka huuita harive, jirani zao wa Kerala cheera, na huko Bengali ni lal shak. Sisi tuliokua na mchicha wa nazi hudhani tumeshaumaliza mmea huu. Wapi! India inauponda, inaukausha kwa nazi, inaupika na dali, inaukanda ndani ya chapati, na kote huko mchicha ndio unaotawala sahani.

Tuanze na sura yake. Fungu huja na mizizi, udongo bado umeshikamana nayo, kwa sababu mchicha mchanga hung'olewa mzima takriban mwezi mmoja tu baada ya mbegu kusiwa. Majani ni damu ya mzee yenye mng'ao wa zambarau, na mashina ni mororo kiasi kwamba ukiyavunja kwa kidole yanakatika kwa mlio. Msiyatupe mashina hayo! Ndiyo yenye utamu. Pembeni ya mwekundu kulikuwa na wa kijani, jani pana, wa aina ya Arka Suguna, mbegu iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa mazao ya bustani ya Hesaraghatta, nje kidogo ya jiji hili. Huo hukatwa ukachipua, ukakatwa tena. Nikachukua yote miwili. Ungefanya nini?

Na hilo neno kilimo hai si pambo la kupandishia bei. Kuna nembo ya India Organic, iliyo chini ya mpango wa taifa ulioanza 2001, na kuna PGS-India, ambamo wakulima wa eneo moja hukaguana wenyewe kwa wenyewe. Shambani huenda samadi, mashudu ya mwarobaini, na panchagavya, mchanganyiko uliochachushwa wa vitu vitano vya ng'ombe: kinyesi, mkojo, maziwa, mtindi na samli. Sitawaambia kwamba nembo huongeza madini ya chuma ndani ya jani, maana siyo kazi yake. Ninachokisifu ni hiki: mchicha huliwa jani zima, halimenywi wala halina ganda la kutupa, kwa hiyo kilichonyunyiziwa juu yake kinakuja nacho mezani. Hapa matundu mawili matatu ya viwavi kwenye jani yalinifurahisha kuliko jani lisilo na doa.

Sasa jikoni! Kwanza kabisa niliupika thoran, kwa mtindo wa Kerala, na hapo ndipo nilipotekwa. Kata majani na mashina membamba sana. Chemsha mafuta ya nazi, tia haradali, ngoja zipasuke, ongeza pilipili kavu na majani ya karipata. Mwaga mchicha ukiwa na matone ya maji ya kuoshea, usiongeze mengine hata kijiko. Ukinywea tu, changanya nazi ya kukuna iliyotwangwa na pilipili mbichi, kitunguu, bizari nyembamba na manjano. Geuza, epua. Ni dakika chache! Nazi haikamuliwi tui, inabaki chengachenga, kwa hiyo kila tonge la wali lina kitu cha kutafuna. Mchicha wenyewe unakuwa na ladha ya udongo baada ya mvua, kisha utamu kwa mbali. Nilisimama nikala jikoni, sufuria mkononi.

Kisha likaja pigo la pili, massoppu. Hiki ni chakula cha mchana cha vijijini Karnataka: mchicha na majani mengine huchemshwa pamoja na dali, vitunguu saumu na pilipili mbichi, yakaivishwa hadi yalegee, halafu yote hupondwa yakawa mchuzi mzito na kuungwa kwa haradali na mvuje. Majirani wa Tamil Nadu wana ndugu yake, keerai kadaiyal, anayepikwa kwenye chungu na kupekechwa kwa kijiti cha mti, kama tunavyopekecha mlenda. Na massoppu huliwa na nini? Ragi mudde. Ulezi, wapenzi wasomaji! Tonge la ugali wa ulezi, la duara, jeusijeusi, la moto. Mlaji humega, huchovya, humeza bila kutafuna. Karnataka ndilo jimbo linaloongoza India kwa ulezi, na ulezi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Nafaka ilivuka bahari zamani sana, na hapa imekutana na mboga inayoistahili kabisa.

Bado mnapumua? Haya, tuingie majimbo ya Andhra na Telangana, kwenye thotakura pappu. Mchicha wa kijani hupikwa na mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, ukwaju kidogo, manjano na pilipili mbichi, mpaka dali ivurugike. Ndipo samli ya moto yenye vitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili kavu inamwagwa juu, ikilia chwaa! Ukali wa ukwaju unauamsha mchicha, dali inautuliza. Na mbaazi hizo si ajabu zikawa za kwetu, kwa kuwa India hununua mbaazi nyingi kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi. Mkulima wa Lindi na mkulima wa viunga vya Bengaluru wanaweza kukutana kwenye sahani moja bila kujuana.

Kwa wenye watoto, hii hapa: lal shak ya Kibengali. Mafuta ya haradali, vitunguu saumu vilivyopondwa, pilipili kavu, mchicha mwekundu, chumvi, na karanga za kukaanga juu. Huliwa mwanzoni mwa mlo, kabla ya samaki, na wali mweupe. Changanya kwa vidole uone: wali wote unageuka waridi! Rangi hiyo huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana majani huoshwa yakiwa mazima, hukatwa baadaye, na hayachemshwi yakamwagwa maji. Mtoto anayekimbia mboga za majani hana pa kukimbilia mbele ya wali wa rangi ile.

Asubuhi yake mabaki ya fungu yaliingia kwenye paratha kwa mtindo wa kaskazini, ambako mchicha ni chaulai. Majani yaliyokatwa vipande vidogo, unga wa atta, chumvi, pilipili mbichi na samli, vyote hukandwa pamoja kwa maji kidogo, kwani mchicha hutoa ya kwake. Choma, paka samli, kula na mtindi na achari ya embe. Chai ya maziwa pembeni. Nani anahitaji mkate?

Kilichomo ndani nacho kina uzito. Gramu 100 za majani mabichi zina takriban miligramu 215 za kalsiamu, miligramu 2.3 za madini ya chuma na miligramu 43 za vitamini C. Chuma cha mboga hufyonzwa vizuri zaidi kikiandamana na vitamini C, na moto huipunguza vitamini hiyo, kwa hiyo kamulia limau baada ya kuepua. Mwenye historia ya mawe ya figo aulize daktari kwanza, kwa kuwa mchicha una oksaleti nyingi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asibadili ghafla kiasi anachokula, maana majani haya yana vitamini K kwa wingi.

Kasoro? Zipo, na ni halali kuzitaja. Bei inazidi ya mchicha wa kawaida. Fungu linalojaza beseni linanywea hadi bakuli, kwa hiyo familia inunue zaidi ya inavyodhani. Mchanga kwenye mizizi unataka maji mengi ya kusuuza. Na haukai: jioni umeshaanza kulegea, labda uufunge kwa kitambaa chenye unyevu na kuuweka kwenye friji. Wazee wengi wa kusini hawali mboga za majani usiku, wakisema hazisagiki upesi tumboni. Kwa mboga inayofika asubuhi na kunyauka jioni, desturi hiyo ya kuila mchana inafaa hata kwa sababu ya ladha pekee.

Uamuzi wangu: thoran inashika nafasi ya kwanza, massoppu na ulezi inaifuata kwa karibu, pappu ni ya siku ya mvua. Ukiwa Bengaluru, fika sokoni mapema, tafuta fungu lenye mizizi na udongo, ulipike siku hiyohiyo. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, huna kisingizio pia. Mchicha upo gengeni, mbaazi zipo dukani, haradali huuzwa na wauza viungo. Muulize muuzaji umelimwaje na umechumwa lini, kisha leo liache tui lipumzike, ujaribu nazi ya kukuna.