Barua Tatu za Sayyid Majid

Juni 1857, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani kwenda Unyanyembe wakiwa na barua tatu za Sayyid Majid, sultani mpya wa Zanzibar. Moja iliandikwa kwa Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa Kaze huko Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Ya pili ilikuwa ya Waarabu waliokaa huko, na ya tatu ya raia wote wa Sultani waliokuwa safarini bara. Barua hizo ndizo zilikuwa pasipoti yao, na namna zilivyopangwa inastahili kutazamwa kwa makini.

Kila barua ilikuwa na mtu wa kuipokea, na mtu huyo alikuwa na cha kupoteza. Tajiri wa Kaze alitegemea Zanzibar kwa nguo, bunduki na mikopo, na pembe zake zilipita forodha ya Sultani. Kumdharau mgeni wa Majid kungemharibia biashara. Wageni walipoingia Kaze tarehe 7 Novemba, Musa Mzuri hakuwepo, alikuwa Karagwe. Hawakukwama. Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea, akawapa nyumba na kuwashughulikia kama ndugu. Mpokeaji wa kwanza alikosekana, wa pili akasimama mahali pake.

Katikati ya njia, barua hizo hazikuwa na nguvu. Mtemi Magomba wa Kanyenye, kule Ugogo, hakudaiwa kitu na Zanzibar, na maji yalikuwa yake. Kwake palitakiwa hongo, yaani ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo na shanga, na msafara ulisubiri hadi aridhike. Mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji kabisa, na msafiri Stanley akalazimika kuzunguka kusini.

Leo njia imegeuka. Mabinti wa Kitanzania huvuka bahari kwenda Oman kufanya kazi za ndani, mkononi wakiwa na pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018. Ni hati imara kuliko barua yoyote ya Majid. Lakini wengi hunyang'anywa pasipoti hiyo mara wanapofika. Shirika la Human Rights Watch lililieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 2017. Ni dhuluma, na wahusika waambiwe hivyo bila kupepesa macho: pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, si ya mwajiri wala wakala.

Hapo ndipo mpokeaji wa pili anapohitajika tena. Ubalozi wetu Muscat unaweza kutoa hati ya dharura ya kurudi nyumbani, ila ofisa lazima kwanza ajiridhishe kuwa aliye mbele yake ni Mtanzania. Nakala ya ukurasa wenye picha, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, vikiwa kwa mama au mjomba Tabora, hurahisisha kazi hiyo. Jina na anwani ya mwajiri navyo viachwe nyumbani, ili ndugu wajue wa kumuulizia. Simu pia huchukuliwa, kwa hiyo picha iliyo ndani ya simu peke yake haitoshi: namba ya pasipoti na ya ubalozi zikaririwe kichwani kabla ya kuondoka Tabora.