Sentimita mbili ndani ya wimbi

Mwaka 2017, katika ghuba ya Sodwana, Afrika Kusini, mwalimu wa uzamiaji aligundua farasi-bahari mdogo mno. Mwaka 2020 wanasayansi walimtangaza kuwa spishi mpya, Hippocampus nalu, wa kwanza wa jamii ya farasi-bahari vibete kupatikana Afrika. Urefu wake ni sentimita 2 hivi. Miongoni mwa waliomtambulisha kwa picha ni Richard Smith, mwanabiolojia wa Uingereza, na picha zake zinastahili kutazamwa kwa jicho la fundi.

Baadhi ya ndugu zake wa Asia hushika matawi ya matumbawe-feni. Nalu anaishi kwenye mwani mfupi juu ya mwamba, kina cha mita 12 hadi 17, mahali panapopigwa na mawimbi ya bahari kuu. Amezungusha mkia kwenye mwani. Wimbi likienda huenda nalo, likirudi hurudi nalo, huku mchanga ukimmwagikia. Anayempiga picha naye anasukumwa vivyo hivyo.

Hapo ndipo penye kazi. Ukimsogelea na lenzi ya makro hadi umpige kwa ukubwa wake halisi, sehemu inayotoka kali ni milimita chache tu, hata tundu la lenzi likibanwa mpaka f/22. Kumfukuza kwa fokasi hakusaidii. Njia ni kuifunga fokasi, kutulia, na kungoja kile kituo kifupi ambapo wimbi limekwisha kwenda na halijaanza kurudi. Jicho likiwa kali, bonyeza. Picha nyingi zitatupwa, na kwangu subira hiyo ina thamani kuliko kamera ya bei kubwa.

Tundu likibanwa, mwanga hupungua, na katika kina hicho maji yamekwisha kumeza rangi nyekundu. Fleshi huirudisha: mwili wa rangi ya asali, mkia wenye wekundu. Mwako wake mfupi hugandisha mwendo pia. Lakini ielekezwe kutoka pembeni. Ikimulika kutoka kwenye lenzi, kila chembe ya mchanga iliyo mbele itang'aa.

Majaribio kwa samaki wa sakafu ya bahari kama huyu yameonyesha kuwa kushikwa na kusogezwa huwasumbua kuliko fleshi. Basi mikono ibaki kwenye kamera. Nanyi wazamiaji wa Pemba, Mafia na Watamu, mkishuka safari ijayo, tazameni na mwani, si matumbawe peke yake.