Aina Nyingi kwa Mshipi Mmoja: Namna ya Kuipima Safari ya Uvuvi Ghuba ya California

Wapo wavuvi wa starehe wanaokwenda pwani ya Meksiko bila haja ya samaki mmoja mkubwa wa kupigia picha. Wanachotafuta ni aina. Wanavua, wanatambua, wanaandika jina, wanaachia, kisha wanamwendea mwingine ambaye bado hayumo daftarini. Kituo chao kikuu ni Ghuba ya California, ule mkono mrefu wa bahari unaoitenga rasi ya Baja California na bara. UNESCO ilipoviingiza visiwa na hifadhi za ghuba hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, ilitaja aina 891 za samaki, 90 kati yao wakiwa hawapatikani kwingine. Kwa hiyo mtu akirudi kutoka Loreto au La Paz akijisifu kwa aina kumi na tano, usiwahi kumpigia makofi. Mwombe daftari ulisome.

Nasema hivyo kwa sababu orodha ndefu inaweza kuwa zao la kazi mbovu. Tia nanga juu ya mwamba mmoja, kata ngisi vipande vidogo, funga ndoana ya ukubwa wa ukucha, na kabla jua halijawa kali utakuwa umeinua kikande, kungu wachanga, na kundi zima la samaki wadogo wa mwambani ambao hukirukia chochote kinachoshuka. Hapo mvuvi hakuchagua kitu. Samaki ndio waliomchagua. Mimi humpa alama nyingi zaidi aliyerudi na aina saba kutoka sehemu saba za maji, kila moja akijua kwa nini aliifuata pale, kwa kina kile, saa ile.

Basi swali la kwanza ni hilo: walitoka wapi? Upande wa mashariki wa Baja, milima ya jangwa inashuka hadi baharini, na chini ya maji mteremko unaendelea vilevile. Boti ikitoka ufukweni kwa muda mfupi tu inakuwa juu ya kina kirefu. Ndiyo maana nahodha hodari anaweza kukupitisha kwenye makazi manne kwa siku moja bila kumaliza mafuta. Mchangani, pale mawimbi yanapovunjika, huzurura pez gallo, samaki jogoo, aliye peke yake katika familia yake na mwenye miiba saba mirefu ya mgongoni iliyompa jina. Kwenye miamba ya maji ya kadiri yuko cabrilla, wa jamii ya chewa, na mapangoni hujificha pargo, wa jamii ya kungu. Chini zaidi, pima thelathini na kuendelea, wako huachinango wekundu. Juu kabisa, penye mwani unaoelea, yuko dorado, ambaye ni yuleyule fulusi anayevuliwa Shimoni na Pemba. Orodha yenye pez gallo, cabrilla, huachinango na fulusi ina majina manne tu, lakini nyuma yake kuna namna nne za kuvua, na mtu asiyezijua zote hawezi kuipata ila kwa bahati ya mtende.

Tazama pia majira. Jurel, samaki mwenye nguvu wa jamii ya kolekole, ni wa miezi ya baridi na mwanzo wa joto, hasa maeneo ya Loreto, wakati upepo wa kaskazini unaweza kuzifunga boti bandarini siku kadhaa mfululizo. Fulusi ni wa kiangazi, maji yakishapata moto. Anayedai kuwajaza wote wawili katika juma moja si lazima awe mwongo, kwa maana majira hupishana pole pole, ila ana maelezo ya kutoa.

Ubora wa nahodha huonekana kabla hata ya mshipi wa kwanza kuingia majini. Boti nyingi huko ni fiberi nyembamba zenye pua ndefu iliyoinuka, ziitwazo panga, zenye mashine moja nyuma, na huondoka gizani kwa ajili ya chambo hai: sardina, macarela, au caballito mwenye macho makubwa. Chambo hicho hununuliwa kwa wauzaji wanaongoja karibu na gati au huvuliwa kwa mshipi wenye ndoana nyingi ndogo zilizofungwa vinyuzi vya kung'aa, ufundi uliotoka Japani. Wewe chungulia tangi. Samaki wa chambo wenye afya husimama wamenyooka, wote wakielekea upande unaoingia maji, na magamba yao yametimia. Ukiona pua nyekundu zilizochubuka kwa kujigonga ukutani, au samaki wanaoelea kiubavu, ujue tangi limejazwa kupita kiasi au maji hayazunguki, na nusu ya siku yako imeshaharibika. Halafu mwangalie mkono. Nahodha mzuri huteka samaki kwa kiwavu kidogo, huulowesha mkono wake kwanza, na hachomi ndoana mahali pamoja tu. Akitaka kumburuta samaki pole pole hupitisha ndoana puani. Akitaka azame kuelekea mwambani humchoma karibu na pezi la chini, nyuma, ili kila anapojaribu kukimbia aelekee chini. Nahodha anayefanya hivyo bila kuulizwa, mshike.

Kuhusu zana nitasema kwa ufupi, kwa kuwa maduka yanasema sana. Sheria ya Meksiko inamruhusu mvuvi wa starehe fimbo moja tu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ufundi unapobanwa. Sierra, ambaye ni wa jamii ya nguru, ana meno ya kukata mshipi kama wembe. Ukifunga waya utampata, lakini wengine wenye macho makali watauona waya na kupita pembeni. Kikande ana mdomo mdogo na meno ya kusaga, anakula chambo na kukuachia ndoana tupu, kwa hiyo anataka ndoana ndogo ngumu. Pargo mkubwa akishauma hurudi pangoni moja kwa moja, na mshipi mwembamba unaomfaa kikande utakatika kabla hujasema kitu. Huwezi kuwa tayari kwa wote mara moja. Mvuvi bora huamua: saa hii ni ya pargo, na kikande atangoja. Orodha ya mtu wa namna hii huwa na mapengo, na mapengo hayo mimi huyaheshimu.

Sasa tufike mahali ninapokuwa mkali, nako ni utambuzi wa majina. Hapa ndipo orodha nyingi zinapopukutika.

Chukua vieja, samaki wa mwambani ambaye huanza maisha akiwa jike na baadaye hugeuka dume. Jike ana wekundu na mistari miwili myeusi inayokwenda kwa urefu wa mwili. Dume ni wa kijani cha kijivu, ana nundu kwenye paji la uso na mkanda wa manjano katikati ya mwili. Mgeni akiwavua wawili hao asubuhi moja, ataandika aina mbili na kufurahi. Ni aina moja. Cabrilla naye kwa kawaida ana madoadoa ya kahawia, lakini wapo wachache wanaogeuka manjano mwili mzima, dhahabu tupu kutoka mdomo hadi mkia. Anapendeza mno, na mwenyeji yeyote atakuonyesha kwa fahari, lakini hakuongezi hata nafasi moja. Ukikuta daftari lenye "cabrilla" na "cabrilla wa dhahabu" kwenye mistari miwili yenye namba, futa mmoja kwa upole.

Kosa la upande wa pili ni kuchanganya aina mbili kuwa moja, nalo humpunguzia mtu haki yake. Pargo wa huko wako kadhaa. Yule wa manjano ana rangi ya waridi mbele na manjano nyuma, na chini ya jicho ana mstari wa buluu uliokatikakatika. Yule wa mistari mipana, wenyeji wakimwita coconaco, ana matundu ya pua ya mbele yaliyotokeza kama vijirija vidogo, alama ambayo huhitaji kitabu kuikumbuka. Lunarejo ana doa jeusi ubavuni, chini ya pezi la mgongo. Ukiwa na picha tatu zilizopigwa vizuri, ubishi wote unakwisha. Jurel na ndugu yake wa maji ya kina humchanganya hata mzoefu; tafuta mstari mweusi unaopita jichoni kwenda kisogoni, kwani jurel hana. Na barrilete mweusi ana madoa machache meusi chini ya pezi la kifuani. Msomaji wa Lamu au Bagamoyo atayatambua mara moja, maana sehewa wetu ni binamu yake wa karibu na anayo madoa hayohayo mahali hapohapo.

Kwa hiyo ninapoisoma orodha, siangalii majina peke yake. Naangalia picha kama zinathibitisha. Picha nzuri ya utambuzi huonyesha ubavu mzima wa samaki, mapezi yakiwa yamefunguliwa, mwanga ukitoka nyuma ya mpigaji. Picha ya mvuvi anayetabasamu huku amemziba samaki nusu kwa vidole haithibitishi lolote. Asiyekuwa na hakika aandike "kungu, aina haijulikani". Daftari lenye mistari miwili mitatu ya namna hiyo hunipa imani na mistari iliyobaki.

Hali ya samaki anaporudi majini ni kipimo kingine, tena hakidanganyi. Samaki anayevutwa kutoka kina kirefu, kama huachinango, kibofu chake cha hewa huvimba kadiri shinikizo la maji linavyopungua, macho yakatoka na tumbo likachomoza mdomoni. Wengi huona kile kifuko na kukichoma wakidhani ndicho kibofu. Si kibofu, ni tumbo lenyewe, na ukilitoboa umemuua. Ukimtupa alivyo, ataelea na pelikani atamchukua. Njia safi ni kumshusha tena kwa uzito, amebanwa mdomo kwa kifaa kinachofunguka akifika chini. Boti isiyo na kifaa hicho basi ivue kina kirefu kwa ajili ya chakula tu, na ikishatosha iondoke pale. Mvuvi anayeachia huachinango kumi wakielea nyuma yake ili aseme "niliwaachia wote" amefanya hesabu ya kujidanganya.

Kwa wa kula, sheria ni samaki kumi kwa mtu kwa siku, wasizidi watano wa aina moja. Fulusi na pez gallo wasizidi wawili. Hao wawili, pamoja na nduaro na sulisuli, wametengwa kwa uvuvi wa starehe ndani ya maili 50 za baharini kutoka pwani. Bunju, ambaye huko huitwa botete, mwandike na umwachie. Sumu yake ni ileile inayoogopwa pwani yetu.

Kuna majina mawili ambayo nikiyaona nafunga daftari. La kwanza ni totoaba, samaki mkubwa anayepatikana ghuba hii tu, ambaye Meksiko ilipiga marufuku kumvua tangu mwaka 1975. Kibofu chake huuzwa kwa magendo kwa bei kubwa, na nyavu za kumtega ndizo zilizomfikisha vaquita, pomboo mdogo wa hukohuko, ukingoni mwa kutoweka. Ndiyo sababu UNESCO iliiweka ghuba kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2019. La pili ni jina la mahali: Cabo Pulmo. Matumbawe hayo ni hifadhi ya taifa tangu 1995, na wanakijiji waliokuwa wavuvi ndio waliosimama kidete kuyalinda. Watafiti walipolinganisha mwaka 1999 na 2009 walikuta uzito wa samaki wote kwa pamoja umeongezeka kwa asilimia 463. Aina iliyovuliwa ndani ya mpaka wa hifadhi hiyo haihesabiwi, hata iwe adimu namna gani. Nenda na miwani ya kuzamia.

Ukitaka kwenda mwenyewe, usimuulize nahodha atakupatia aina ngapi. Muulize ataanzia wapi kukipambazuka, atahamia wapi upepo ukianza, na chambo atakitoa wapi. Akijibu kwa namba, tafuta mwingine. Akijibu kwa majina ya miamba na visiwa, Coronado, Carmen, Danzante, mpe malipo ya awali. Leseni ya uvuvi huuzwa kwa siku, wiki, mwezi au mwaka, na kila anayevua kutoka botini lazima awe nayo. Anayevua akiwa amesimama nchi kavu haihitaji, kwa hiyo jioni, boti ikisharudi, ufukwe wa mchanga na pez gallo wake uko wazi kwako bure.