Idi Amin katika Sinema: Zimwi au Mtu?

Mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Idi Amin kufukuzwa Kampala, ilitolewa sinema ya maisha yake, Rise and Fall of Idi Amin, ndiyo kusema Kupanda na Kuanguka kwa Idi Amin. Aliyeiongoza ni Sharad Patel, nayo ilipigwa nchini Kenya. Joseph Olita, Mkenya, ndiye anayeigiza Amin, na kwa kweli amefanana naye sana kwa umbo na kwa uso. Tena Denis Hills, yule Mwingereza ambaye Amin alimhukumu kufa mwaka 1975 kwa ajili ya maandishi yake, kisha akamwachilia, anaigiza nafsi yake mwenyewe. Hapo sinema yapata uzito wa ushahidi.

Lakini mtazamaji akitoka hakumbuki Hills. Akumbuka frigo yenye vichwa vya watu, na Amin akila nyama ya mtu. Habari hizo za kula watu zilivuma sana Uganda, wala hazikuthibitishwa kamwe. Sinema yazichukua kama kweli, kwa sababu zatisha, na kitishacho huuza tiketi.

Kosa langu na sinema hii si damu. Damu ilimwagika kweli, nyingi. Kosa ni kwamba imemfanya Amin zimwi, na zimwi hufanya kazi peke yake. Zimwi halina karani wala dereva.

Tuwatazame wafu wawili wanaotuhusu. Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda. Tarehe 21 Septemba 1972 alikamatwa mchana katika Mahakama Kuu, akatiwa katika gari, asionekane tena. Padri Clement Kiggundu alikuwa mhariri wa Munno, gazeti lililoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1911. Mwezi wa Januari 1973 maiti yake ilikutwa katika gari lake lililoteketezwa, na madaktari wakaona kwamba aliuawa kabla ya moto. Nani aliendesha yale magari? Nani alileta petroli? Hao hawakuwa mazimwi. Walikuwa watu wa mshahara, wenye wake na watoto, na jioni walirudi kwao kula ugali. Hofu ya kweli iko hapo, nayo haihitaji frigo.

Sisi wa Kabambare tuna neno la kusema. Wazee waliouona mwaka 1964, jeshi la Simba lilipoenea Maniema, wajua kwamba wengi walioshika mikuki walikuwa vijana wenye ukoo unaojulikana, na mama zao waliwaita kwa majina. Tena habari ya Amin yenyewe imegusa Kongo. Mwezi wa Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alimshtaki Amin katika Bunge la Uganda kwa dhahabu na pembe za ndovu zilizotoka kwa waasi wa Kongo. Obote hakumfukuza. Alimpandisha, akampa jeshi lote. Mtu aliyepandishwa na wenziwe hivyo, mkononi ana mali ya jirani, ni hadithi kubwa kuliko ya mla watu. Lakini sinema yaanza na mapinduzi ya 1971, kana kwamba Amin aliota kama uyoga.

Ile ya mwaka 2006, The Last King of Scotland, yapita hii kwa ufundi. Forest Whitaker aliyeigiza Amin alipata tuzo ya Oscar. Huyo kwanza atuchekesha, hata twampenda, kisha twaogopa kwa kuwa tulimpenda. Bahati mbaya daktari wa Kiskoti aliyewekwa katikati ya hadithi ni mtu wa kubuniwa, na Waganda wamebaki pembeni mwa msiba wao wenyewe.

Watoto wasionyeshwe hata moja. Watu wazima waweza kuitazama ile ya 1981 kwa ajili ya Olita na Hills, na zile sehemu za frigo wazipitishe.

Hadithi yake yakoma mwaka 1979. Amin mwenyewe aliishi Saudi Arabia mpaka tarehe 16 Agosti 2003, akafia hospitalini Jeddah, bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.