Fundi Asiye na Haraka ya Kufomati

Fundi wa laptopu katika miji ya Kitui, Mwingi na Wote husifiwa kwa alichobadilisha: kioo, betri, kibodi. Anayerejesha sehemu za diski zilizopotea hana cha kuonyesha, kwa kuwa ubora wake umo katika kile alichokataa kukigusa. Kwangu huyo ndiye fundi mkubwa zaidi, na diski yenyewe yamtolea ushahidi. Katika mpangilio wa MBR, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali zima la mgawanyo huchukua baiti 64 tu ndani ya sekta ya kwanza yenye baiti 512. Baiti hizo hueleza kila sehemu inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Hazibebi hata herufi moja ya barua. Zikiharibika, laptopu hudai diski ni tupu, ilhali tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kwa Vonza iko palepale, kama ndengu za Makueni zinavyobaki shambani hata mkonge wa mpakani uking'olewa. Mpangilio mpya wa GPT huweka hata nakala ya jedwali mwishoni mwa diski. Hatari inaanza pale mtu anapoandika kitu kipya juu ya kilichopo.

Ndiyo maana utaratibu wa kazi hii ni wa kusoma kwanza. Fundi hupima afya ya diski. Akikuta inakufa, huinakili yote kwenye diski nyingine kwa programu ya ddrescue, kisha hufanyia kazi ile nakala. Halafu hukagua mipangilio ya kuwashia, maana hata diski ya MBR isiyo na kasoro hukataa kuwaka pale laptopu inapodai mfumo mpya wa kuwashia wa UEFI pekee, na hapo hakuna cha kurejesha. Baada ya hayo ndipo hufungua TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, inayosaka mianzo ya sehemu zilizopotea. Huyaona majina ya faili kwa macho yake kabla ya kukubali jedwali liandikwe upya. Kusita huko ndiko ufundi.

Wapo wasemao: piga Windows upya, mteja aende zake. Kwa laptopu isiyo na kitu, sawa kabisa. Lakini kuamua kwamba hesabu za chama au picha za matanga hazina thamani ni haki ya mwenyewe, na fundi hana ruhusa ya kumwamulia. Wengine husema siku hizi faili hukaa mtandaoni. Hukaa kwa anayemudu bando, tena aliyekumbuka kuzipandisha. Hoja nzito ni ya diski za SSD: ukishafomati, amri ya TRIM huweza kuziruhusu zifute data kabisa, na hakuna programu itakayorudisha kitu. Ni kweli. Lakini hilo linamwongezea thamani fundi anayesita, kwa sababu diski za zamani zilisamehe pupa na hizi hazisamehe.

Basi laptopu ikikuomba uifomati diski yenye kazi zako, kataa, izime, uipeleke kwa fundi atakayekuuliza kwanza ndani mna nini. Na umlipe hata saa alizotumia kusoma tu.